Salamu ya Saruji

Mwaka 2013 nilirudi Kasulu kwa wiki mbili, nikakaa miezi saba. Ndivyo ninavyorudi siku zote. Nilikuwa natoka Kibondo, ambako niliuza mashati ya mtumba mpaka nikachoka na mashati yenyewe. Kabla ya Kibondo palikuwa Mpanda, na kabla ya Mpanda sitaki kukumbuka. Nimezaliwa Makere, nikasoma mpaka kidato cha nne, na tangu nilipotoka shule sijakaa kwenye nyumba moja muda wa kutosha kuona paa lake likivuja. Watu wa aina yangu hupapenda sana kwao, hasa wakiwa mbali.

Aliyenifanya nikae ni afisa maendeleo ya jamii, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuwa na Kiswahili kitamu kiasi kwamba watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza taarabu redioni: kwa raha, bila kujibu. Alihitaji mtu wa kumsemea Kiha. Alinikuta mgahawani nikibishana na muuza chai, nusu kwa lugha hii nusu kwa ile, akasogeza kiti.

"Kaka, una kazi?"

"Nina safari."

"Basi iahirishe."

Kazi ilikuwa hivi. Mradi fulani ulitaka kuweka sanamu kwenye njia panda, pale mtaa wa juu unapokutana na mtaa wa chini. Mtaa wa juu ni wa maduka, watumishi wa serikali na mabati ya rangi. Mtaa wa chini ni wa mafundi, wachuuzi na migomba nyuma ya nyumba. Katikati palikuwa na kiduara cha udongo ambacho pikipiki zilikizunguka na mbuzi walikikatisha. Sharti lilikuwa moja tu: jamii ishirikishwe. Isiletewe sanamu, iulizwe.

Sasa, wilaya yetu imeshirikishwa sana. Tangu enzi za kambi za wakimbizi watu wa Kasulu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakaulizwa maoni yao kuhusu vyoo, miti, majiko banifu na mbuzi wa maziwa. Utaratibu wanaujua. Unaandika jina, unakunywa soda, unaambiwa kilichokwisha kuamuliwa, unapiga makofi, unakwenda zako. Bahati mbaya ya mwaka ule ni kwamba afisa wetu aliuliza kwa moyo wake wote.

"Ndugu zangu, mngependa sanamu ya nini?"

Watu wakatazamana. Nikatafsiri kwa Kiha. Wakatazamana tena.

"Tunataka kisima," mzee mmoja akasema.

"Kisima siyo sanaa, mzee wangu."

"Basi sanamu ya kisima. Itoe maji."

Watu walicheka, na afisa akacheka nao, kisha akauliza tena swali lile lile. Hapo nikaona wasiwasi umeingia. Mtu akikuuliza mara moja ni adabu, akikuuliza mara ya pili ana jambo lake. Mmoja akapendekeza ng'ombe. Mwingine akauliza ng'ombe wa nani. Swali hilo likachukua nusu saa, na lingeendelea kama si mama mmoja muuza dagaa kusimama, kanga kiunoni, akasema kwa sauti ya sokoni:

"Wekeni watu wanasalimiana. Siku hizi watu wanapishana kama kuku. Wakiona hata sanamu zinawashinda, labda wataona haya."

Kwa asiyetujua niseme kidogo. Kwetu, mdogo ndiye anayeanza. Anainama, anapiga makofi polepole, laini, viganja vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito, anasema "Mwakeye" kama ni asubuhi. Mkubwa anaitikia na yeye akipiga makofi, kwa utulivu zaidi, na hapo ndipo safari ya maswali inapoanza: nyumbani, watoto, shamba, mifugo, na nyumbani tena. Nilipokuwa mdogo Makere, baba yangu alikuwa akitoka kwenda kanisani mapema sana, siyo kwa sababu kanisa lilikuwa mbali, bali kwa sababu njiani palikuwa na watu. Mara nyingi tulifika wakati ambao baraka ya mwisho ilipaswa kutolewa. Hakuna aliyetulaumu, maana na mchungaji mwenyewe alikuwa hajafika.

Pendekezo la mama muuza dagaa lilipita kwa mikono yote. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyeuliza swali. Mimi niliyezaliwa kule nilipaswa kushtuka palepale. Badala yake nilimwambia afisa, "Umeona? Ukiwauliza vizuri wanakubaliana."

Fundi aliyepewa kazi alikuwa wa mtaa wa chini, mwanamume mpole wa rika langu, anayejulikana kwa makaburi. Ukifiwa Kasulu na ukataka kaburi la saruji lenye msalaba wenye maua, au bila msalaba kwa wenzetu Waislamu, ulimwendea yeye. Kazi yake ilikuwa safi. Lakini hakuwa amewahi kutengeneza kitu cha watu waliosimama.

Alizungushia kiduara kile turubai la bluu akajifungia humo majuma matano. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kuingia kwa kuwa nilikuwa "mradi". Nilimwona akisuka mifupa ya nondo, akaivika wavu wa kuku, akaanza kuijaza nyama ya saruji kwa mwiko. Alikuwa anasema peke yake. Siku moja alinishika mkono akanipeleka upande wa mmoja wa wale watu wawili, yule aliyesimama.

"Tazama mikono."

Nikatazama. Viganja vilikuwa vimeachana, kimoja juu kidogo ya kingine, vidole vimejikunja kidogo. Kila kidole kilikuwa na waya wake ndani.

"Anafanya nini?" akaniuliza.

"Amesimama."

"Tazama, bwana wee."

Nikatazama tena, nikaona. Yule mtu alikuwa amesalimiwa sasa hivi. Makofi ya mwenzake yalikuwa bado hayajaisha, na viganja vyake vilikuwa njiani kukutana. Fundi alikuwa ameikamata ile nukta kabla ya kuitikia, wakati mtu amekwisha kukutambua lakini sauti haijatoka. Nilimkumbuka baba yangu barabarani, nikajifanya saruji imeniingia jichoni.

"Makaburi nimejenga mengi," fundi alisema, "na hakuna mwenyewe aliyewahi kuniambia nimekosea. Hii nataka wapite waione, walio hai. Nataka watoto wangu waseme, hii ni ya baba. Isiposimama hii, mimi basi, nitakufa mtu wa makaburi."

Turubai lilifunguliwa Jumamosi. Watu walijaa, afisa alihutubia, kamba ikavutwa. Wale wawili wakatokea juani: mmoja ameinama, viganja vimekutana, mwingine amesimama, mikono wazi. Watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Nikahesabu pumzi, nadhani ya nne au ya tano, kabla sauti haijatoka nyuma:

"Anayeinama anatokea wapi?"

Watu wote walifuata kwa macho mgongo wa yule aliyeinama, wakateremka nao, wakafika mtaa wa chini. Kisha wakafuata mgongo wa aliyesimama, wakapanda, wakafika mtaa wa juu.

"Kwa hiyo sisi ndio wadogo," mwenyekiti wa mtaa wa chini alisema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mheshimiwa, ni sanaa tu," afisa alisema.

"Mama, mimi nakuinamia wewe kwa sababu ni mgeni na una cheo. Nainama, nainuka, yamekwisha. Saruji haiinuki."

Upande wa juu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye saruji yenyewe ilitoka kwake, alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia. "Kwani kuna ubaya gani?" akasema. "Mdogo anamwamkia mkubwa. Si ndiyo mila zenu mnazozidai?"

Kufikia saa tisa mtaa wa chini ulikuwa umeitisha mkutano wa Alhamisi, ajenda moja. Kufikia jioni ilijulikana kwamba nyundo ya kuvunjia mawe imekwisha kupatikana. Nikamfuata fundi kwake, nikamkuta ameketi kizingitini.

"Kwa nini anayeinama umemtoa huku chini?" nikamuuliza. "Wewe ni wa huku!"

"Mlima," alijibu.

"Mlima umefanya nini?"

"Anayepanda huinama. Anayeshuka husimama wima. Ningemwinamisha anayeshuka angeanguka kifudifudi. Nimefuata mlima tu, mwenzangu."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siasa nzima ya ile sanamu: mteremko.

Afisa alinipa fomu. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja Jumatatu ya baada ya mkutano, na kwenye fomu palikuwa na swali, je, jamii imeipokea kazi hii kama yake? Nilitakiwa nizunguke nyumba kwa nyumba mtaa wa chini nikusanye sahihi kabla ya Alhamisi. Nilizunguka siku tatu. Walinipokea vizuri sana. Walinipa viti, walinipa ugali wa muhogo, walinipa habari za marehemu wangu wote. Sahihi hawakunipa.

"Wewe mwenyewe nyumba yako iko mtaa gani?" mzee wa sanamu ya kisima aliniuliza.

"Sina nyumba hapa, mzee."

"Ndiyo maana hujainamishwa."

Siku ya tatu nilikwenda sokoni kwa mama muuza dagaa, nikiwa na matumaini kwamba mwenye wazo atalitetea wazo lake. Genge lake lilitazamana na duka lile la vifaa vya ujenzi, barabara katikati.

"Sijaiona bado," alisema. "Nina kazi, mimi. Lakini naambiwa tumeinamishwa."

"Mama, wazo lilikuwa lako."

"Wazo langu lilikuwa watu wasalimiane. Unamwona yule?" Alinyanyua kidevu kuelekea dukani. Mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, anabonyeza simu. "Miaka minne niko hapa. Kila asubuhi nikitua beseni nampigia makofi, mwakeye, baba. Ananitazama. Mkono unanyanyuka hivi, halafu simu inalia. Miaka minne, mwanangu, sijaitikiwa hata siku moja. Na simu yenyewe nadhani anaipigia mwenyewe."

Jioni alifunga genge akapita njia panda, beseni kichwani, mimi nyuma yake. Mama hakumtazama kabisa yule aliyeinama. Alikwenda moja kwa moja kwa aliyesimama, akamzunguka mara mbili. Akaitazama mikono kwa muda mrefu.

"Huyu mbona mikono iko wazi?"

Ningeweza kumweleza. Ile nukta, makofi yaliyo njiani, yote aliyonionyesha fundi. Nilifungua mdomo. Lakini yeye alikwisha kusema "Ahaa," kama mtu aliyepata pesa kwenye mfuko wa koti la zamani, akashuka zake na beseni lake.

Alhamisi walikuja wa mitaa yote miwili, uwanja wa shule ya msingi ukajaa. Nyundo ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuma ya kiti cha mwenyekiti, nayo ilitulia kama mjumbe halali wa mkutano. Fundi alikaa pembeni akiwa amevaa shati lake la kanisani. Watoto wake watatu walisimama nyuma yake. Walikuwa wameogeshwa na kupakwa mafuta kama wanaopelekwa msibani.

Mwenyekiti alianza kwa maneno mafupi. Mtaa wa chini haukuwa na ugomvi na mtu, ulikuwa na ugomvi na mgongo mmoja. Akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuamua.

Mama muuza dagaa akasimama.

"Mimi nauliza. Anayeinama amekosa nini?"

"Ametudhalilisha," akajibiwa.

"Kwa kusalimia? Tangu lini salamu ikawa udhalili? Baba zenu waliinama. Aliyeinama amefanya kazi yake, viganja vimekutana, mwakeye imetoka." Akatulia. Sokoni anafanya hivyohivyo kabla ya kutaja bei. "Sasa nendeni mkamtazame yule mwenzake. Mikono wazi! Jumamosi tumemsalimia, leo Alhamisi, hajaitikia. Siku sita mtu anasalimiwa, amesimama kama mlingoti! Mdogo akisalimia mkubwa asiitikie, aibu ni ya nani?"

Nilisikia mkutano ukivuta pumzi. Kisha kicheko kikaanzia mstari wa mbele kikarudi nyuma, na watu wakaanza kuinuka kwenye viti vyao kutazama upande wa njia panda, ingawa kutoka pale haionekani.

"Ni kweli hajaitikia!"

"Na anavyofanana na..."

"Msimtaje, yupo!"

Alikuwepo. Mwenye duka alikwisha kusimama, simu mkononi. "Saruji imetoka dukani kwangu halafu nichongwe mimi? Mwenyekiti, hili ni tusi kwa mtaa mzima wa juu! Tengenezeni mikono ile ikutane, au sanamu ivunjwe. Nyundo si hiyo hapo?"

"Nyundo ni ya mtaa wa chini," mwenyekiti alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikaona meno yake. "Tutaitumia tukitaka wenyewe." Akageuka. "Fundi. Simama, ndugu yangu. Tuambie mbele ya watu. Huyu aliyesimama, ndivyo ulivyomkusudia? Asiyeitikia?"

Fundi alisimama. Alinitazama mimi. Tulikuwa wawili tu uwanjani pale tuliojua. Akisema kweli, kwamba mtu yule alikuwa anaitikia, kwamba mikono ilikuwa njiani, mtaa wa chini ungebaki na mgongo wake ulioinama mbele ya mkubwa mwema, na nyundo ingetoka ukutani. Akatazama chini, akafuta viganja kwenye suruali, ingawa siku hiyo havikuwa na saruji.

"Ndiyo, mwenyekiti," akasema. "Nilimfanya makusudi. Ni mtu mwenye kiburi."

Makofi yaliyopigwa pale yalinikumbusha mikutano ya uhuru ninayoionaga kwenye picha. Sahihi nilizozitafuta siku tatu nilizipata kwa robo saa, nikakosa karatasi. Nyundo ikarudishwa kwa mwenyewe. Fundi alipongezwa, alishikwa mabega, alibebwa juujuu hatua chache. Watoto wake walicheka na kuruka. Yeye alikuwa na uso wa mtu anayepewa pole.

Jumatatu wageni walikuja, wakapiga picha, wakauliza sanamu inamaanisha nini. "Umoja," afisa alisema, na watu wa mtaa wa chini wakatikisa vichwa kukubali kwa nguvu zote. Kwenye fomu, pale penye swali la kama jamii imeipokea kazi kama yake, aliandika kwa mkono wake: "Kupita kiasi." Sikusema uongo wowote siku ile kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Na mradi, sharti niseme, ulifanikiwa. Watu walianza kusalimiana. Mwenye duka alianza kumwahi mama muuza dagaa asubuhi, simu kwapani, akipiga makofi hadi barabara ya pili inasikia, na yeye mama alikuwa na raha ya kuchelewa kuitikia. Kila mtu wa mtaa wa juu alijihadhari asifananishwe. Mtaa wa chini nao ulilinda sanamu ile kuliko msikiti na kanisa. Mtaa wa juu ulituma ujumbe mara mbili kwa fundi kumwomba aikutanishe mikono, atalipwa vizuri, na mara zote mbili vijana wa mtaa wa chini walikwisha kukaa chini ya sanamu kabla ujumbe haujafika mlangoni kwake. Watu waliiita Kiburi. "Nishushe hapo kwa Kiburi," walimwambia mwenye pikipiki.

Niliondoka, maana wiki mbili zangu zilikwisha kuwa miezi saba. Nilirudi Kibondo, nikauza vyombo, nikaacha. Mwaka 2015, katikati ya mwaka, nikapita tena Kasulu. Magari ya misaada yalikuwa yameanza tena kupishana barabarani, Warundi walikuwa wanaingia, na viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa kwenye malori. Njia panda nilimkuta fundi amepanda kiti cha mbao, mwiko mkononi. Mvua zilikuwa zimemla yule aliyesimama ncha za vidole viwili, waya ulionekana.

Tulisalimiana sana. Kisha nikashika kikombe chake cha maji, yeye akaendelea na kazi.

"Wanao wanasemaje?" nikamuuliza.

"Wanajivunia. Wanawaambia wenzao, baba ndiye aliyemtengeneza Kiburi."

"Uliwaeleza wao?"

"Watoto hawatunzi siri."

"Sasa ni miaka miwili. Hasira zimekwisha. Kwa nini usiwaambie watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba anaitikia?" Alichota saruji kidogo kwa ncha ya mwiko. "Kesho asubuhi nyundo iko hapa. Hawa wanampenda kwa ubaya wake."

Mwanamke mmoja alipita akishuka mtaa wa chini, kuni kichwani. "Fundi!" akaita bila kusimama. "Usimtengeneze sana huyo, asije akaitikia!"

"Huyu? Hana adabu hiyo!" fundi akajibu kwa sauti kubwa, na wote wawili wakacheka, yule mama akicheka mpaka kuni zikatikisika.

Fundi alisubiri. Alimtazama akishuka mpaka akakata kona ya migomba. Kisha akashika kile kidole kibichi kwa vidole vyake viwili, akakisukuma kuelekea kiganja cha pili, kidogo sana, upana wa punje ya mahindi.

"Nipe maji," akasema. "Kikikauka hapa ndiyo basi tena mpaka mvua nyingine."